Masaa sita ya baba

Desemba 2018 nilienda likizo Tanga, na kazi aliyonipa mama ilikuwa moja tu, nimpangie picha za marehemu baba kwenye kompyuta ya pale nyumbani ili aziangalie mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho bila kuita mtu. Baba alifariki Novemba 2016. Picha zilikuwa zimezagaa kila sehemu, zingine kwenye kamera yake ndogo ya dijitali, zingine kwenye simu yangu ya zamani, zingine kwenye flashi ya dada, na nyingi ndugu walitutumia kwa simu kipindi cha msiba. Nikazikopi zote kwenye folda moja, 2,000 na ushee, nikazipanga kwa tarehe, nikamwita mama akae kwenye kiti.

Akawa anabonyeza mshale taratibu. Akapita picha za msibani, turubai uani, masufuria, watu wamekaa kwenye mikeka, halafu ghafla akatokea baba, kavaa kanzu na koti lake la kahawia, anacheka, kashika kisahani cha halua. Mama akatoa mkono kwenye kibodi.

"Mwanangu, mbona baba yenu yupo baada ya mazishi?"

Sikuweza kumjibu. Nikamwambia mama nipe siku mbili, nitaiweka sawa, na kweli sikulala vizuri usiku ule.

Ile picha ilikuwa inaitwa IMG-20161204-WA0012, yaani tarehe 4 Disemba 2016 ndio binamu yangu aliituma, ila ilipigwa Eid moja ya zamani. Picha ikitoka kwenye kamera inakuwa na maelezo yake ndani ya faili, yanaitwa EXIF, siku na saa iliyopigwa, aina ya kamera, vitu kama hivyo, sasa hizi za kutumiana kwenye meseji zikifika huku maelezo yale yameshafutwa njiani, na kompyuta isipokuta tarehe ya ndani inachukua tarehe ya faili tu, siku lilipofika au lilipokopiwa. Kwa hiyo kila aliyetutumia picha ya baba kutupa pole alikuwa anamsogeza baba mbele ya siku yake ya kufa bila kujua. Iliniuma sana hiyo.

Nikaanza kwa mkono. Nikachagua picha za Eid, raiti kliki, nikaenda sehemu ya maelezo nikaandika tarehe nyingine, ikakubali, kumbe nilikuwa nimechagua na picha nyingine kama 300 hapo chini na zote zikashika tarehe ile ile moja. Hakuna cha kurudisha nyuma, imeandikwa ndani ya faili imeandikwa. Jasho lilinitoka. Bahati memori kadi ya baba ilikuwa bado imo kwenye kamera, kamera imo kwenye kabati la mama chini ya khanga, nikazikopi upya. Tangu hapo sigusi picha orijino, nafanya kwenye kopi.

Jioni nikashusha ExifTool, programu ya bure ya jamaa mmoja anaitwa Phil Harvey, ipo tangu 2003, haina vitufe, unaandika amri kwenye dirisha jeusi. Inatisha mwanzoni ila nakwambia ni mkombozi. Zile za kutumiwa nikaziwekea tarehe moja moja huku mama kakaa pembeni ananitajia. Mama hakumbuki kwa tarehe, anakumbuka kwa mambo, hii kabla hatujaezeka upya, hii mdogo wako hajaachishwa ziwa, na EXIF inataka mwaka mwezi siku saa dakika sekunde vyote, basi tusipojua naweka tarehe 1 Januari halafu kwenye sehemu ya maelezo naandika "mwaka tu".

Tukaja kwenye picha za kamera ya baba mwenyewe, ambazo mimi nilikuwa naziamini kabisa. Mama akasimama kwenye moja ya Julai 2014, Ramadhani, baba na majirani wamekaa barazani, tende zimeshaanza kuliwa, kikombe cha uji kipo mdomoni. Kompyuta inasema saa 12:40 mchana.

"Futa hiyo," mama akasema, na sauti yake ilikuwa kali kweli. "Baba yenu hajala mchana wa Ramadhani tangu namjua."

Nikafungua za harusi ya dada, Agosti 2013. Kuna moja ya sebuleni, nyuma ya mashangazi saa ya ukutani inaonekana vizuri, mshale mfupi umepita kidogo kwenye 10, mrefu upo kwenye 2. Saa nne na dakika kumi. EXIF yake 04:10. Nikaitazama ile saa ya ukutani, nikaitazama ile namba, nikaelewa, na machozi yakanitoka. Baba aliponunua kamera ikamuuliza saa ngapi, naye akaijibu kwa saa anayoijua, saa nne ni nne. Saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, iftari, ndio ile 12:40. Miaka yote kamera ilikuwa inaandika saa za Kiswahili.

Amri yenyewe fupi, -AllDates+=6, inasogeza masaa sita picha zote. Nikaibonyeza, zimefika kama nusu umeme ukakatika. Uliporudi nikakuta faili moja limekwama lina mkia wa _exiftool_tmp, na kibaya zaidi nusu zimeshasogea nusu bado, ukirudia amri zile za mwanzo zinasogea masaa kumi na mawili. Ila ExifTool kila ikibadilisha faili inaacha la zamani lenye mkia wa _original, zinajaza diski kweli lakini siku ile ndio ziliniokoa. Nikafuta lile lililokwama, nikazirudisha zote kwa -restore_original, nikaanza upya saa tano usiku mtaa umetulia.

Asubuhi mama akakaa tena kwenye kiti. Safari hii alienda mpaka picha ya mwisho ya baba, stendi, anapanda basi kwenda Dar hospitali, kabeba mfuko wa plastiki, na kona ya picha imezibwa na kidole cha mama maana yeye ndiye aliyepiga. Kabla ya hapo ilikuwa inasoma 18 Septemba 2016, saa 23:05, Jumapili usiku. Sasa inasoma tarehe 19, saa 05:05.

"Jumatatu," mama akasema. "Si nilikuwa nawaambia Jumatatu? Saa kumi na moja alfajiri, nimemfungia mkate wa kumimina humo kwenye mfuko, bado wa moto."

Akaigusa skrini pale kwenye mfuko, akakaa hivyo kwa muda, halafu akabonyeza mshale wa kurudi nyuma kwenda kwenye harusi.