Jiambie sentensi unayoweza kuiamini

Mtu asiyevumilia kosa lake hata dogo mara nyingi hushauriwa asimame mbele ya kioo aseme, "Mimi ni hodari, hakuna kinachonishinda." Mimi siupendi ushauri huu. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu wasiojithamini waliporudia maneno "mimi ni mtu wa kupendwa", hali yao ilizidi kuwa mbaya. Ukijiambia jambo usiloliamini, akili hukimbilia kutafuta ushahidi wa kulikanusha.

Anza kwa kuinasa sauti ya ndani inayokulaumu. Kwa siku saba, kila unapojikuta unasoma barua pepe ileile kwa mara ya tano bila kuituma, andika ulichojiambia, neno kwa neno. "Nilijisikia vibaya" haitoshi, kwa kuwa hisia haipingiki. "Wakiona kosa hili watajua sifai" ni dai, na dai hupimika.

Kisha angalia neno "lazima". Albert Ellis, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanzisha tiba yake ya kubadili fikra miaka ya 1950, alisisitiza kwamba masharti ya namna hii ndiyo yanayotutesa. "Lazima ripoti isiwe na kosa" igeuze iwe "Natamani ripoti iwe safi; likionekana kosa, nitalirekebisha." "Mimi ni mzembe" igeuze iwe "Jana nilisahau kuweka kiambatisho." Tamko la kwanza linakuhukumu wewe mzima, la pili linataja tukio moja lenye dawa. Ipe sentensi mpya alama kati ya 0 na 10 kwa kadiri unavyoiamini. Isipofika 6 umeitia chumvi; ipunguze mpaka uweze kuitamka bila kujibishia moyoni.

Wasiwasi ukipanda, jiite kwa jina lako na useme "wewe" badala ya "mimi". Majaribio ya Ethan Kross na wenzake, yaliyochapishwa 2014, yalionyesha kuwa hilo huwatuliza watu wanaokabiliwa na kuhutubia.

Lakini maneno matupu hayajengi kujiamini. Chagua kazi ndogo, kama ujumbe wa kawaida wa kikazi. Jipe dakika 15, usome mara mbili tu, utume. Kabla ya kutuma, andika unachokiogopa: "Atanijibu kwa hasira." Baada ya siku mbili linganisha na kilichotokea. Wengi huharibu jaribio hapa: humwomba mwenzao akague kwanza, halafu mambo yakienda vizuri husema ni kwa sababu ya yule mkaguzi. Hofu inabaki palepale, haijaguswa. Tuma bila kukaguliwa, na kazi isiyoweza kuvumilia kosa, kama kipimo cha dawa, iache nje ya zoezi hili.

Kuna mtego mwingine, nao ni daftari lenyewe unaloandikia haya yote. Ukianza kunakili upya kurasa ili mwandiko upendeze, ugonjwa umehamia humo. Tumia karatasi chakavu. Ukiruka siku mbili, endelea siku ya tatu pale ulipoishia, usirudi siku ya kwanza.