PhD Ulaya: usitafute skolashipu tu, tafuta kazi

Ndugu zangu mlioko nyumbani, meseji zinazoingia kwangu karibu zote ni moja, "kaka huko hakuna skolashipu ya PhD?" Skolashipu zipo, DAAD ya Ujerumani wengi mnaijua, ila mkikomaa na hizo tu mnaacha mlango mkubwa wazi mnapita pembeni.

Hapa Uswidi nilipo, na Norway, Denmark na Uholanzi vilevile, anayesoma PhD mara nyingi ni mwajiriwa, yaani unasaini mkataba, unapokea mshahara, unakatwa kodi na likizo unapewa. Ujerumani wengi wanaajiriwa kwa asilimia, mfano 65 ya kazi kamili, kwa hiyo soma mkataba vizuri kabla hujapiga hesabu ya kutuma hela nyumbani. Na kwa kuwa ni kazi, zinatangazwa kama kazi: Norway ingia Jobbnorge, Uholanzi AcademicTransfer, Ulaya nzima EURAXESS, halafu kurasa za ajira za vyuo vyenyewe. Kuomba ni bure, kwa hiyo ajenti anayekudai laki kadhaa akutafutie nafasi anakuuzia tangazo ambalo ungelisoma mwenyewe kwa bando la siku moja, na hili linaniuma sana maana wanaoliwa ni watoto wa watu wasio na kitu.

Kuna hizi nafasi za PhD za Marie Skłodowska-Curie, zinazolipiwa na Umoja wa Ulaya, hazibagui uraia, na sharti lake linakubeba wewe uliyeko Mbeya au Kisumu: nchi unayoombea usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Mwenzako aliyemaliza masters Ubelgiji mwaka huu, miaka miwili yote kaishi hukohuko, nafasi ya Ubelgiji hapati, wewe unapata! Kwa hiyo habari ya kusema mpaka kwanza nifike Ulaya ndo nianze kuomba, achana nayo.

Sasa barua. Hapa ndo watu wanaangukia, unakuta mtu anamwandikia profesa "I am hardworking and passionate" aya tatu, barua hiyohiyo kaituma kwa maprofesa arobaini, wa samaki humo, wa udongo humo. Chukulia umesoma SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, na utafiti wako ulikuwa wa sumukuvu kwenye mahindi. Sentensi ya kwanza sema hivyo, kwamba ulipima mahindi ya Dodoma, ule mkoa uliopata mlipuko na Manyara 2016, ulitumia kipimo cha maabara cha ELISA, ukaona nini. Ya pili taja makala yake uliyoisoma kweli, na swali ambalo makala imeliacha. Sivii na transkripti ambatanisha, nusu ukurasa inatosha, basi. Barua kama hiyo hata akikosa nafasi anaweza kukuelekeza kwa mwenzake.

Tangazo likiwa limetoka tayari fuata linavyosema, wakitaka uombe kwenye mfumo wao omba kwenye mfumo, imeili kwa profesa iwe ya kuuliza kitu cha maana tu.

Na wadhamini wako, yaani walimu watakaokuandikia barua za kukupendekeza, waambie mapema. Mwalimu wa nyumbani ana madarasa, ana vikao, ana shamba, akishtukizwa na imeili kutoka chuo cha Uppsala huku Uswidi siku mbili kabla ya dedilaini hajibu. Mpelekee sivii yako na lile tangazo, mpigie simu, mkumbushe kwa adabu. Transkripti nayo kaifuatilie chuoni wiki hii, usisubiri nafasi itangazwe.