Pushapu mia za nini?

Vijana wa nyumbani wakisikia shangazi yao ni ofisa katika jeshi la Uingereza, swali la kwanza huwa lile lile: "Ulipiga pushapu ngapi?" Hakuna anayeuliza nilipewa hesabu gani, wala kanali wa bodi ya kuchagua maofisa alinihoji nini. Mtoto wa kaka yangu, aliyeko Likoni, Mombasa, ameshafika mia kwa mkupuo mmoja, na kila akiongeza kumi ananitumia video. Anataka kujaribu kotekote: ukadeti, yaani mafunzo ya uofisa, katika KDF, jeshi la Kenya, na huku Uingereza pia, maana mwishoni mwa 2018 Waingereza waliondoa sharti la raia wa Jumuiya ya Madola kuishi kwao miaka 5 kabla ya kuomba.

Basi nijibu hadharani, nipumzike. Enzi zangu mwanamke alitakiwa pushapu 21 ndani ya dakika 2, na mwanamume 44. Nilipita hapo kwa chache tu. Na siku hizi hata hizo hazihesabiwi. Unakaa chini, mgongo umeegemea ukuta, unarusha mpira mzito wa kilo 4. Unavuta mtaimbo ambao hausogei, usawa wa mapaja, mashine inasoma nguvu zako. Halafu unakimbia bipu: mita 20 kwenda, mita 20 kurudi, mlio unazidi kuharakisha, mpaka ufike hatua ya 8.7, yaani ngazi ya 8, mkimbio wa 7. Ukijumlisha mbio zote hizo hazifiki hata mita 1,400. Kijana anayekimbiza matatu asubuhi akiwahi shule ataimaliza huku akiongea.

Nadhani fikra hii ya misuli tunaibeba kutoka uwanjani. Kwetu tunachokiona ni usajili wa makuruta: vijana mamia wamejipanga tangu alfajiri, wanakimbizwa, wanapimwa urefu na uzani, wanafunguliwa vinywa kuangaliwa meno. Picha hizo hujaa kwenye habari kila mwaka, ndiyo maana mtu akisema "jeshi" akili inakimbilia miguu. Ukadeti una mlango wake. Ukisoma tangazo la KDF lenyewe, masharti ya mwili ni madogo sana: urefu wa mita 1.60, uzani wa kilo 54.55 kwa wanaume na 50 kwa wanawake. Panapochuja watu wengi ni pale kwenye alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hesabu na Kiingereza. Video za pushapu za KCSE sijawahi kutumiwa.

Mimi nilianza kama askari wa kawaida, kisha wakubwa wangu wakanipendekeza kwa bodi ya kuchagua maofisa, iliyoko Westbury, Wiltshire. Bodi kuu huchukua siku tatu na nusu. Unavalishwa fulana yenye namba, na tangu hapo jina lako limekwisha, wewe ni namba. Mbio zinafanywa mwanzoni, zinamalizwa, hazitajwi tena. Yaani zile siku zote ambazo kijana wa Likoni anaziwaza kama Jehanamu ya mazoezi, wanaosimama pembeni na kalamu wanatazama kitu kingine kabisa.

Katika kikundi chetu alikuwepo Namba 4. Mtoto wa watu alikuwa na mabega mapana, shingo nene, kwenye bipu alituacha wote. Tukapelekwa kwenye zile kazi za mbao: unapewa mbao mbili, kamba na pipa, na mwanya uliopakwa rangi ambao hamruhusiwi kuukanyaga, wala pipa lisiuguse. Ubao kila mara ni mfupi kidogo kuliko mnavyohitaji, kwa makusudi. Zamu ile kiongozi alikuwa binti mmoja mdogo wa umbo, mwenye miwani. Kabla hajamaliza kueleza mpango wake, Namba 4 ameshalibeba pipa kifuani, peke yake, amesimama juu ya ubao katikati ya mwanya. Akawa pale. Hawezi kwenda mbele kwa sababu ubao wa pili uko nyuma yetu, na hawezi kurudi kwa sababu mikono imejaa. Binti akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Namba 4, lishushe juu ya ubao, ukalie, usiseme kitu." Akalikalia. Sisi tukafunga kamba, tukapitisha ubao wa pili juu ya magoti yake, tukavuka. Muda uliisha pipa halijafika ng'ambo, na yule mpimaji hakutikisa hata nyusi. Alikuwa anaandika.

Binti tulikutana Sandhurst, chuo cha maofisa wa jeshi la Uingereza. Yule bwana sikumwona, na sitajifanya najua aliandikiwa nini, lakini pipa lile bado naliona.

Mtindo huu wa mbao si mchezo uliobuniwa jana. Mnamo 1942, katikati ya vita, jeshi la Uingereza lilikuwa na shida: maofisa waliochaguliwa kwa mahojiano mafupi, kwa shule waliyosoma na jinsi walivyozungumza, wengi walikuwa wanashindwa mafunzo. Zikaundwa bodi mpya zenye wataalamu wa saikolojia na madaktari wa akili, akiwemo daktari Wilfred Bion, aliyeleta wazo la kukipa kikundi kazi bila kukiteulia kiongozi, halafu kutazama nani anafanya nini. India wakaichukua mwaka uliofuata, na mpaka leo bodi zao zina mbao, kamba na saikolojia kwa wingi. Hakuna mahali katika historia hiyo ambapo tatizo lilikuwa uhaba wa vifua vipana.

Jasho jembamba lenyewe linatoka mezani. Unapewa karatasi za kisa: kuna majeruhi mahali, gari moja limeharibika, mto umejaa, saa ni fulani, na una ramani. Unaandika mpango. Kisha mnakaa mmejipanga mkabanwa maswali: kutoka kijijini hadi darajani ni kilomita 12, gari linakwenda kilomita 40 kwa saa, watafika lini? Dakika 18. Sema sasa hivi, usitazame dari. Na ukisema, unaulizwa kwa nini hukupita njia nyingine. Hapo ndipo nilipoona faida halisi ya pumzi. Aliyefika amechakaa kwa mazoezi ya wiki ya mwisho alikuwa anajumlisha vidole. Tena Sandhurst yenyewe ni wiki 44, na huko watakutengeneza mwili utake usitake.

Kwa hiyo, mwanangu, mbio tatu kwa wiki zinatosha, na moja iwe ya kuvuta pumzi hasa. Siku zilizobaki chukua daftari, piga hesabu za mwendo, masafa na muda bila kikokotoo, huku mama yako anakuuliza mengine ya dukani. Soma habari za dunia uweze kuzieleza. Ingia timu yoyote ambayo wewe si nahodha.

Na mabinti mnaoniandikia kwa kificho mkidhani mikono yenu ni myembamba mno: siku hizi kiwango ni kimoja kwa wote, na mpira wa kilo 4 hufundishika ndani ya miezi michache. Kinachowarudisha vijana wengi nyumbani bila kutoka jasho ni daktari. Pumu, macho, masikio. Nenda ukapimwe mapema, na jino linalouma lishughulikiwe mwezi huu.