Uchovu wa Mzazi Asiye na wa Kumlea

Kwetu Uchagani, mwanamke aliyejifungua hatarajiwi kuonekana nje mapema. Desturi inamtaka akae ndani muda wa miezi mitatu, akipikiwa mtori na supu, akipashiwa maji ya kuoga, na mtoto akilia usiku yupo bibi au shangazi wa kumpokea. Watu wa pwani nao wana arobaini yao, ambapo mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo kwa kanga, wala hagusi jiko. Mijini desturi hizi zimepungua sana, lakini hata Dar es Salaam ni nadra mzazi kukosa dada wa kazi, au mama yake aliyepanda basi na mkungu wa ndizi. Mimi nilijifungulia Glasgow, Uskoti, mwanzoni mwa majira ya baridi. Mume wangu alipata likizo ya wiki 2, ambayo ndiyo sheria ya Uingereza inayompa baba, kisha akarudi kazini, na tangu hapo mchana kutwa tukawa wawili ndani ya nyumba, mimi na mtoto.

Uchovu ninaouzungumzia si ule wa wiki za mwanzo, ambao kila mwanamke aliyezaa anaujua na haushangazi. Nazungumzia ule unaobaki wakati mtoto ameshaanza kukaa mwenyewe na kula uji, mama bado anapumzika kwenye kila kituo cha ngazi kabla ya kufika ghorofa ya tatu, na anasimama jikoni asikumbuke alichofuata. Ndugu wa nyumbani, bila ubaya wowote, huuliza: mashine inakufulia nguo, maji ya moto yanatoka bombani, unachoshwa na nini? Jibu langu ni kwamba kazi ya kumlea mzazi, ambayo nyumbani hugawanywa kwa wanawake wanne au watano, huku huangukia mikononi mwa mzazi mwenyewe. Hakuna usingizi wa siku moja unaoweza kulipa deni hilo. Nilichoweza kufanya ni kuichambua kazi ile ya mama na shangazi, kuona kila sehemu ilikuwa na faida gani, na kuirudisha kidogo kidogo kwa njia ninazozimudu.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, ni kupima damu, na hapa naomba nisieleweke vibaya: mazoea mazuri hayatibu ugonjwa. Mwanamke aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua anaweza kuishi na upungufu wa damu kwa miezi mingi akidhani ni uzazi tu. Waganga wa Uingereza huhesabu kwamba mzazi amepungukiwa na damu hemoglobini yake inapokuwa chini ya gramu 100 kwa lita, yaani ile ambayo kliniki za kwetu husema "damu yako ni 10". Aidha inawezekana damu yenyewe ikaonekana nzuri huku akiba ya madini ya chuma mwilini, inayopimwa kwa kipimo cha feritini, imekauka, na ndivyo ilivyokuwa kwangu. Kuna pia tezi ya thairoidi iliyoko shingoni, ambayo kwa baadhi ya wanawake huvurugika ndani ya mwaka wa kwanza baada ya uzazi, ikaenda mbio kwanza kisha ikazubaa, na dalili yake kubwa wakati wa kuzubaa ni uchovu, kusikia baridi na mwili kuwa mzito. Vipimo hivi vyote ni vya damu ya kawaida, lakini lazima uviombe kwa daktari wako, kwa sababu ukisema tu "nimechoka" kila mtu atakuitikia kwa huruma na kukuambia ni kawaida.

Kipimo kingine, cha kutambua huzuni ya mama baada ya uzazi, hakihitaji sindano. Ni maswali 10 yaliyotungwa hapa hapa Uskoti, yakachapishwa mwaka 1987, na sasa hutumika katika nchi nyingi yakiwa na jina la Edinburgh. La kwanza linauliza kama bado unaweza kucheka na kuona upande wa kuchekesha wa mambo. Muuguzi anayemtembelea mzazi nyumbani ndiye huyaleta, na Uskoti ziara zake ni nyingi kuliko mtu anavyotarajia: utaratibu wa huko unataka mtoto atembelewe nyumbani mara 11, nane kati ya hizo katika mwaka wake wa kwanza. Wanawake wengi wa kwetu huyajibu kwa adabu, kila swali "mimi ni mzima tu," kwa kuogopa kwamba ukweli utaletea familia maneno. Nionavyo mimi, hofu hiyo inatugharimu sana. Huzuni inayomkosesha mama usingizi hata mtoto akiwa amelala ni ugonjwa wenye tiba, na asiyemudu Kiingereza ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo.

Sasa nije kwenye chakula. Vidonge vya madini ya chuma nilivimeza asubuhi na mapema, tumbo likiwa tupu, kwa glasi ya maji ya machungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kuyapokea madini hayo. Chai na kahawa hufanya kinyume chake, zinayazuia. Kwa mtu wa Moshi aliyelelewa na chai ya maziwa ya saa moja asubuhi hili ni jambo gumu kuliko linavyosikika, na mama yangu alipolisikia kwenye simu alicheka akauliza kama huko ulaya ndiko walikokatazwa chai. Nikaihamishia saa nne, mbali na kidonge na mbali na mlo. Vidonge hufanya choo kuwa cheusi na kigumu, basi maji ya kunywa na papai vikawa sehemu ya dawa.

Mtori niliupika Jumapili, sufuria moja kubwa ya wiki nzima. Mifupa ya ng'ombe yenye nyama huchemka na kitunguu kwa saa mbili au tatu, ndizi za kupika kutoka duka la Waafrika zinamenywa na kuiva ndani ya supu ile, kisha nyama inatolewa, ndizi zinapondwa kwa mwiko mpaka zilainike, na siagi kidogo inaingia mwishoni. Ukipoa niliugawa kwenye vikopo na kuugandisha. Faida yake kubwa ilikuwa saa saba mchana, wakati mtoto analia na mkono mmoja tu ndio ulio huru: chakula cha kweli kinapatikana kwa dakika tano, na mzazi hali mabaki ya biskuti. Nyama ina chuma ambacho mwili huchukua kwa urahisi kuliko cha mboga, ingawa mchicha wenye limau nao haudharauliki.

Jua ni habari nyingine kabisa. Katikati ya Desemba, Glasgow jua huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi kasorobo jioni, tena mara nyingi huwa nyuma ya mawingu. Kuanzia Oktoba hadi mapema Machi mwanga wake hauna nguvu ya kuufanya mwili utengeneze vitamini D, na sisi wenye ngozi nyeusi tunashauriwa kumeza mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Mwanga huo hafifu bado unausaidia mwili kutofautisha mchana na usiku, kwa hiyo nilijiwekea kutoka saa sita, nikisukuma kigari cha mtoto hadi bustani ya Queen's Park na kurudi. Mwanzoni niliishia kona ya barabara. Serikali ya Uingereza inashauri mama aliyejifungua aongeze mwendo taratibu mpaka afikie dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na neno muhimu hapo ni taratibu, kwa sababu anayeanza kwa kukimbia akiwa hana damu huanguka kitandani kesho yake na kukata tamaa.

Usiku nilipambana zaidi na simu kuliko na mtoto. Nyumbani wako mbele yetu kwa saa tatu wakati wa baridi, kwa hiyo nikinyonyesha saa tisa usiku, kwao ni saa kumi na mbili alfajiri, makundi ya WhatsApp ya ukoo yameshaamka, salamu na michango ya harusi inamiminika. Ukijibu mmoja, umejibu kumi, na usingizi umepaa. Simu ikahamia jikoni. Mume wangu akachukua zamu ya alfajiri siku za Jumamosi na Jumapili, nami nikalala chumba kingine, maana mama akisikia mtoto anahema hawezi kulala hata kama zamu si yake.

Lililochelewa kuliko yote ni watu. Nilimpata jirani Mkongomani kutoka Goma, mama wa mtoto mwenye umri karibu na wa wangu, ambaye Kiswahili chake na changu huvutana kidogo lakini hufika. Jumatano yeye huwachukua watoto wote wawili kwa saa mbili baada ya chakula cha mchana, Ijumaa nawachukua mimi. Tulikubaliana kwamba saa hizo si za kufua wala kudeki, ni za kulala, na anayempata mwenzake ameshika ufagio ana ruhusa ya kumgombeza.