Salem mwezi wa Oktoba, bila wachawi

Ukimwambia Mmarekani unakwenda Salem mwezi wa Oktoba, atakuuliza utavaa nini. Mji huo wa Massachusetts ulinyonga watu 19 katika kesi za uchawi za mwaka 1692, na siku hizi majani yakianza kupukutika hufurika watu wenye kofia nyeusi zilizochongoka. Mimi nilikuwa nikitaka kuona nyumba za wafanyabiashara wa zamani. Ni watu wa Salem hao waliokuja Unguja tangu miaka ya 1820 kuuza merikani, kitambaa cha pamba, na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi, utomvu mgumu wa miti. Na nilikuwa na mama, amekuja kunitembelea, magoti yanamsumbua.

Gari niliiacha, maana kupata maegesho huko Oktoba ni vita. Tulipanda treni ya asubuhi pale North Station, Boston, siku ya katikati ya wiki, na baada ya nusu saa hivi tukafika. Tiketi za nyumba nilishazinunua mtandaoni.

Umati wote huishia Essex Street. Sisi tulipitiliza hadi Chestnut Street, na kelele zikakatika. Majumba ya matofali mekundu, ghorofa tatu tatu, yamejipanga pande zote mbili chini ya miti iliyogeuka manjano. Mengi yanakaliwa na wenyewe, utayatazama kwa nje tu, ila Phillips House wageni huingizwa. Mwongozaji akatusimulia asili yake: Nahodha Nathaniel West aliachana na mkewe, baadaye akarithi sehemu ya jumba la mtalaka wake kupitia binti yao aliyefariki. Akavitoa vyumba vinne, vikakokotwa na maksai hadi mjini.

“Kumbe huku nako urithi hugawanywa kwa msumeno,” mama akaninong'oneza.

Sebule aliipita kama haioni. Jikoni ndiko alikoganda, akiuliza wasichana wa Kiairishi waliotumika humo walilala wapi na walipanda ngazi ipi. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya nyumba hizi. Samani za mabwana utaziona popote.

House of the Seven Gables, ya mwaka 1668, ina ngazi ya siri kando ya bomba la moshi. Ni nyembamba, mabega yanagusa kuta, na iliwekwa wakati wa ukarabati wa karne ya 20, kwa hiyo sikuona ajabu yake. Mama alibaki bustanini akitazama bahari. Mwenye magoti mabovu aulize habari za ngazi kabla ya kulipa.

Tulimalizia Derby Wharf, gati refu lisilo na kiingilio. Nikamweleza mama kwamba Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kwamba Richard Waters, konseli wao wa kwanza Unguja, alitoka mji huu. Yeye akakumbuka magodoro ya pamba ya utotoni, yaliyoshonwa kwa merikani.

Saa nane mchana tulikuwa stesheni. Treni ya kutoka Boston ikamwaga wachawi behewa zima, wengine na mafagio. Mama akataka kujua kama na wao hulipa nauli.