Kolmanskop nenda asubuhi, usidanganywe na mtu

Jamaa mmoja mwenye kamera kubwa ndo aliniponza, eti Kolmanskop, ule mji wa almasi wa enzi za Wajerumani kule Namibia uliobaki mahame, nenda jioni, mwanga unakuwa mtamu. Nikamsikiliza. Natoka mji wa Lüderitz saa tisa mchana, ni kama kilomita kumi tu, nafika geti limefungwa! Kumbe kwa tiketi ya kawaida mwisho saa saba mchana. Nikabaki pale nje upepo wa Namib unanichapa mchanga usoni, nyumba za Wajerumani naziona kwa macho tu.

Nikauliza vizuri mjini, nikaambiwa kuna kibali cha wapiga picha, bei imechangamka kidogo ila unaingia toka jua linapochomoza (randi za Afrika Kusini wanapokea pia). Nikakichukua, na hapo ndo nilipatia, maana usiku upepo unafuta nyayo zote za wageni wa jana. Nyumba ya kwanza nimeingia mchanga umejaa hadi nusu ya mlango, umelala kama shuka lililopigwa pasi, mlango haufungi wala haufunguki, rangi ya bluu ukutani inabanduka vipande vipande, nyayo ni zangu peke yangu! Ikifika saa nne pameshakanyagwa kote, picha ya hivyo huipati tena. Kamera niliivalisha mfuko wa nailoni nikafunga na rababendi, lenzi tu inachungulia, na usithubutu kubadilisha lenzi mle ndani, ule mchanga unapenya kila mahali.

Ziara ya mwongozaji usiiruke jamani. Mimi nilitaka kujua habari za Zacharias Lewala, kibarua wa reli aliyeokota almasi mwaka 1908 akampelekea bosi wake August Stauch, na Stauch ndo akawa tajiri. Jangwani kabisa pale wakajenga kiwanda cha barafu, ukumbi wa boling, hospitali yenye mashine ya eksirei, halafu almasi kubwa zaidi zikaonekana kusini karibu na mto Orange, watu wakaanza kuhama mpaka 1956 pakabaki patupu.

Ukiwa na gari nenda pia Diaz Point, Wareno walisimika msalaba pale 1488, ila vaa koti zito, baridi ya ile bahari si mchezo. Na njiani karibu na kimji cha Aus simama Garub uone farasi wa jangwani wanakuja kunywa maji, mimi nilikaa saa nzima sikuchoka.

Kuna walionishauri nikapige hema Shark Island, hapohapo Lüderitz, kwa sababu ya mandhari. Pale ndo Wajerumani waliwafungia Waherero na Wanama 1905 hadi 1907, miaka ileile ya Maji Maji kwetu, wakafa wengi sana kwa baridi, njaa na kazi za shuruba. Nilienda, nikasimama kimya muda mrefu, machozi yakanitoka. Hema sikupiga, nikarudi kulala mjini.