Hori ya Tudor si shimo la choo

Nimetoka barazani koo limekauka. Wakubwa wametuletea michoro ya kupanua mtambo wa majitaka: matangi mapya, bomba nene zaidi, na mdomo wa bomba ni palepale horini, huu mkono wa bahari wa Tudor hapa Mombasa. Nikauliza, maji yakitoka yatakuwa yameuliwa vijidudu? Nikajibiwa hatua hiyo itafuata fedha zikipatikana.

Jamani, kuchuja na kutuliza tope hakumalizi vijidudu vya kipindupindu wala homa ya matumbo. Na hori si bahari kuu. Mlango wake mwembamba, maji yakijaa yanaturudishia yaleyale yaliyotoka na kupwa.

Mama mmoja wa Mikindani alisimama, akafungua pindo la leso, akamwaga chaza mezani mbele ya wakubwa. Zimefunikwa utelezi wa kijivu, harufu ikajaa ukumbi. Hakusema neno. Miaka yote amelea watoto kwa chaza za mikokoni.

Mtambo twautaka, tena sana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 hapa Mombasa! Lakini uwe kamili. Kifungu cha 42 cha Katiba chatupa haki ya mazingira safi.

Twakusanya saini za pingamizi kesho baada ya alasiri, pale gatini. Njooni na vitambulisho.